Tonge la ugali linatosha: mtoto mdogo hahitaji slaimu ya gundi

Gundi nyeupe inamiminwa bakulini, maji ya boraksi yanaongezwa, kijiko kinakoroga, na baada ya dakika chache kinapatikana kitu kinachovutika, kinachonata na kuteleza: slaimu. Video za namna hii zinafika popote penye mtandao, Mkata wilayani Handeni ikiwemo, na mzazi anayetaka mtoto wake achangamke anaweza kudhani amepitwa na jambo. Hajapitwa. Kwa mtoto wa darasa la nne mchezo huo ni burudani, mradi mkubwa awepo. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye kila anachokishika anakipeleka kinywani, haufai. Boraksi inayoifanya gundi ishikamane imewekwa na Umoja wa Ulaya katika kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi, na sheria ya huko inaruhusu miligramu 300 tu za boroni katika kila kilo ya kitu cha kuchezea kinachonata. Shirika la kutetea walaji la Uingereza, Which?, lilipopima slaimu 11 za madukani mwaka 2018, nane zilivuka kiwango hicho. Kama zile za kiwandani zilishindwa, ile iliyokadiriwa kwa kijiko cha chai mezani itapimwa na nani?

Jiko la Handeni lina kitu bora zaidi. Unga ukipata maji na moto, chembe za wanga huvimba, hupasuka na kushikana. Ndiyo kazi yote ya mwiko. Mahindi hutoa donge gumu kiasi, linalokubali kubonyezwa na kukatwa. Muhogo una wanga wa aina inayovutika zaidi, ndiyo maana ugali wake hunata vidoleni, na ukipikwa mwepesi unakuwa ute ambao mtoto anaweza kuuvuta kama slaimu yenyewe. Hata Play-Doh, iliyoanza kuuzwa Marekani kama kitu cha kuchezea mwaka 1956, asili yake ni donge la unga, maji na chumvi lililotumika kusafishia karatasi za ukutani. Tahadhari zipo. Utumike unga uleule ambao nyumba inaula, si ule uliovunda: sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sumu yake. Unga upikwe, kwa kuwa mbichi unaweza kubeba vimelea vya kuharisha, kisha donge lipoe kabisa mbali na jiko. Wanaopenda kuongeza chumvi ili lisichache wafikirie tena. Kwa kipimo cha kikombe cha unga, nusu kikombe cha chumvi na kikombe cha maji, donge la gramu 30 linabeba chumvi ya karibu gramu 8, wakati Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Lisilo na chumvi litaharibika kesho yake kwa joto letu. Na liharibike, kuku watalila.

Udongo nao ni wa hapahapa. Mwaka uleule wa 1956, mtafiti Hans Cory alichapisha kitabu juu ya vinyago vya udongo vilivyotumika kuwafunda vijana wa Tanganyika, wakiwemo wa Kizigua na Kisambaa. Kwa hiyo kufinyanga ili mtu ajifunze si jambo lililoletwa na simu. Ila kwa mtoto anayekula kila kitu udongo unaweza kuwa na minyoo, na dawa za minyoo zinazotolewa katika miezi ya afya na lishe hazimpi ruhusa ya kuula. Asubiri afikishe miaka mitatu au minne, na udongo uchimbwe chini, mahali wafinyanzi wanapochimba, pasipopita mifugo wala maji machafu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la chakula. Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: katika nchi ambayo asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kwa takwimu za mwaka 2022, unga ni wa kuchezewa? Jibu linatoka Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa katika mitaa maskini ya Kingston, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Wengine walipewa lishe ya ziada. Wengine, kwa miaka miwili, walitembelewa kila wiki na mhudumu wa afya aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe, kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye waliochezeshwa walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao ambao hawakuchezeshwa. Waliopewa lishe pekee hawakuonyesha faida hiyo. Hii haisemi mtoto anyimwe uji. Inasema uji peke yake haukamilishi malezi, na ndiyo sababu mpango wa taifa wa malezi na makuzi ya awali uliozinduliwa Desemba 2021 unaweka lishe na ujifunzaji bega kwa bega. Gharama yenyewe ni konzi moja ya unga.

Ukweli mwingine wa Kingston ni kwamba kilichofanya kazi hakikuwa kifaa. Alikuwepo mtu anayeongea na mtoto: hili refu, hili duara, likate, nipe nusu. Donge likitupwa mkekani ili mtoto anyamaze, faida yake ni ndogo sana. Lakini mama aliyetoka shambani na bado anawaza maji, ataupata wapi muda huo? Hahitaji muda mpya. Ugali unasongwa kila siku na mikono inanawishwa kabla ya kula. Tonge la mtoto litolewe wakati huohuo, na mazungumzo yaendelee huku mboga ikiiva. Tena kazi hii si ya mama peke yake. Baba anayesubiri chakula kiive ana mikono miwili isiyo na shughuli.