Sauti Inapokwama Ubaoni

Nafundisha kidato cha kwanza, na kila Januari nawaona: wanafunzi wanaobishana kwa ufasaha uwanjani, lakini wakiitwa ubaoni magoti yanagongana. Tanzania, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, kisha sekondari masomo hugeuka Kiingereza. Mtoto anaogopa watu, anaogopa na lugha. Ndiyo maana mdahalo wa kwanza naufanya kwa Kiswahili, na kuzomea ni marufuku.

Mwili nao una yake. Ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka. Si ugonjwa wala si ujinga. Nawafundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ile waliyovuta, mapigo yatulie. Hotuba nzima wasiikariri, maana neno moja likipotea yote hupotea. Wakariri sentensi ya kwanza tu. Wajizoeze wamesimama, kwa sauti, mbele ya rafiki mmoja, kisha kikundi.

Huwasimulia pia habari za Gandhi, mpigania uhuru wa India. Akiwa wakili kijana Bombay alishindwa kumhoji shahidi, akatoka mahakamani. Wao huuliza aliwezaje baadaye kuhutubia watu. Nawajibu kwamba alianza na jambo alilolijua: mwaka 1893, Pretoria, Afrika Kusini, aliwahutubia Wahindi wenzake kuhusu maisha yao wenyewe.