Fahamu: Uvimbe si saratani, je, kizazi kitolewe?

Mwanamke wa Mbezi Beach anayevuja damu nyingi kila hedhi, akabadilisha pedi mbili kwa mpigo na bado akachafua kanga, mara nyingi huambiwa ana uvimbe wa kizazi. Uvimbe huu kwa kawaida si saratani. Hata hivyo, wengi huishia kutolewa kizazi.

Upasuaji huu huponya kabisa uvujaji wa hedhi, na walio wengi hupona vizuri. Hatari za kawaida ni kupoteza damu, maambukizi na damu kuganda miguuni, ambayo ikifika kwenye mapafu inaweza kuua.

Hatari isiyosemwa vya kutosha ni kujeruhiwa kwa mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Inapita karibu mno na mishipa inayokatwa. Ikijeruhiwa, au kibofu kikitobolewa, mama anaweza kuanza kuvuja mkojo siku chache baadaye. Hiyo ni fistula, na inatibika. Hospitali ya CCBRT pale Msasani imeirekebisha kwa miaka mingi. Utafiti wa mwaka 2014 uliohusisha nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, ulikuta 805 kati ya wagonjwa 5,959 wa fistula waliipata kutokana na upasuaji, ukiwemo huu na wa kujifungua.

Kwa hiyo dada, kabla hujasaini, muulize daktari: uvimbe peke yake hauwezi kutolewa? Dawa au kitanzi chenye homoni havifai? Ovari zitabaki? Zikitolewa zote mbili, ukomo wa hedhi huja ghafla, na vipindi vya joto kali mwilini na mifupa kudhoofika hufuata.