Dawa ya Puani na Mtoto Mfupi

Siku ya kupigwa picha ya darasa, yuko mtoto ambaye husimamishwa mbele bila ya kuulizwa. Wenziwe wamempa jina, naye hulicheka kwa shingo upande. Wazee hujituliza kwamba hata babu yake alikuwa mfupi. Huenda ni kweli; na huenda tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, haitoi homoni ya ukuaji ya kutosha.

Tangu mwaka 1958 homoni ya kuwatibia watoto hao ilitolewa katika tezi za maiti. Mwaka 1985 ugawaji wake ulisimamishwa Marekani, baada ya baadhi ya waliotibiwa kufa kwa maradhi ya ubongo yasiyo dawa, na mwaka huo huo ikaidhinishwa iliyotengenezwa kiwandani. Hiyo ni salama zaidi, lakini kwa kawaida ni sindano ya kila siku, kwa miaka, na dawa yenyewe hukaa katika jokofu. Mzazi wa kisiwani ambaye umeme humkatikia anaelewa tunachokisema.

Ndipo wataalamu walipofikiria kuizindua tezi itoe homoni yake yenyewe. Dawa za namna hii zikimezwa, sehemu kubwa huharibiwa tumboni. Puani ngozi ni nyembamba na mishipa ya damu iko karibu. Mwaka 1995 Profesa Zvi Laron na wenzake, huko Israel, walieleza kwamba watoto wachache waliopewa heksarelini kwa njia ya pua walikua kwa kasi zaidi.

Habari hiyo ilileta matumaini, lakini njia hiyo haijawa tiba ya kawaida. Kinachopenya puani ni kidogo, na mafua hukivuruga. Tena, tezi iliyokufa haizinduliki. Wala si kila ufupi ni wa tezi hii: upo wa lishe duni, wa figo, na wa tezi ya shingoni. Kwa hiyo tungemshangaa mzazi atakayenunua chupa ya dawa ya puani kwa mchuuzi kabla mwanawe hajapimwa.

Tunawaomba wahusika wa afya na elimu wahakikishe kila skuli ina kipimo cha kimo, na urefu wa kila mtoto uandikwe mwaka hadi mwaka. Anayebaki nyuma apelekwe kwa daktari mapema, kwani mifupa ikishafunga baada ya kubaleghe, hakuna dawa ya puani wala ya sindano itakayomrefusha.