Kupandikiza nywele Istanbul: operesheni ni siku moja, kidonda unarudi nacho nyumbani

Tangazo linafanana kila mara. Picha mbili za mwanaume mmoja: katika ya kwanza kipara kinang'aa, katika ya pili nywele zimejaa hadi kwenye paji. Chini kuna bei, mara nyingi kati ya dola 2 000 na 4 000, hoteli na gari la kukupokea kwenye kiwanja cha ndege vikiwa ndani. Pahali ni Istanbul, Uturuki, mji ambao leo unapokea watu kutoka pande zote za dunia wanaotafuta nywele.

Wafanyabiashara wetu wa mashariki mwa Congo wanaujua mji huo kwa sababu nyingine. Wanaenda kule kununua nguo na viatu, Laleli na Merter, na kuleta mizigo. Tangu kiwanja cha ndege cha Goma kilipofungwa Januari 2025, wengi wa Goma wanavuka mpaka na kupanda ndege Kigali. Basi wazo linakuja lenyewe: kwa kuwa tiketi imekwisha kulipwa, kwa nini usirudi na mali pamoja na nywele?

Hesabu hiyo inapendeza kwenye karatasi. Tangazo halisemi tu kwamba mganga anabaki Istanbul, na kidonda kinavuka mpaka pamoja nawe. Wagonjwa wengi wa kigeni wanapanda ndege siku ya tatu au ya nne, wakati uso ungali umevimba na mizizi iliyopandwa haijashika vizuri. Kazi iliyobaki, ya mwaka mzima, inafanyika nyumbani, kwa maji ya nyumbani na jua la nyumbani. Anayetaka kwenda apange hiyo kwanza, halafu ndipo apange tiketi.

Tuanze na operesheni yenyewe. Haileti nywele mpya. Inahamisha zile ulizonazo. Nywele za nyuma na za pembeni ya kichwa haziathiriki na homoni inayoleta kipara cha wanaume, na zikihamishwa mbele zinabaki na tabia yake ya nyuma. Mganga Norman Orentreich wa New York alifanya operesheni hiyo mwaka 1952 na kueleza kanuni yake mwaka 1959. Leo mbinu inayotumika zaidi inaitwa FUE: chombo cha duara chenye upana wa milimita moja au chini yake kinatoa mzizi mmoja mmoja, kila mzizi ukiwa na nywele moja hadi nne. Nyingine, FUT, inakata ukanda wa ngozi nyuma ya kichwa, inaushona, na mizizi inatolewa ndani ya ukanda huo. Zote mbili zinatumia sindano ya ganzi kichwani, na mgonjwa anakaa macho, mara nyingi saa sita hadi nane.

Maana yake ni kwamba nyuma ya kichwa ni kama akiba ya benki ambayo haijazwi tena. Kila mzizi unaotolewa haurudi. Kijana wa miaka 22 anayeomba nywele zishuke hadi karibu na nyusi anaweza kuzipata, kisha kipara kinaendelea nyuma yake miaka kumi, na anabaki na kisiwa cha nywele mbele na uwanja mtupu katikati. Mganga anayejiheshimu atamwambia asubiri. Mwuza operesheni atamwambia karibu.

Kwanza, nywele zilienda wapi?

Hapa ndipo wengi wanapita mbio. Si kila kipara kinapandikizwa. Nywele zinazoanguka baada ya kujifungua, baada ya homa kali au wakati wa upungufu wa damu mara nyingi zinarudi zenyewe. Zile zinazoanguka kwa mabaka ya duara zinaweza kuwa ugonjwa wa kinga ya mwili, na vile vile ukoo wa uyoga kichwani una dawa yake ya kumeza.

Kwa wanawake wetu habari ni nyingine tena. Meshe nzito, misuko iliyokazwa mpaka macho yanavutwa, tisaji juu ya nywele zilizochoshwa na defriza: nywele za kwenye paji na juu ya masikio zinarudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Mwanzoni, ukiacha kukaza, zinarudi. Ukiendelea, mzizi unakufa, ngozi inakuwa laini kama ya mkono, na hapo tu ndipo kupandikiza kunaweza kusaidia, kwa sharti kwamba msuko wa kukaza umeachwa kabisa. La sivyo utavuta na zile ulizolipia.

Kuna pia ugonjwa unaoanzia utosini na kupanuka kama mduara, mara nyingi kwa wanawake weusi, ukiwa na muwasho, maumivu au hali ya kuungua. Waganga waliueleza mwaka 1968 na wakati huo walilaumu chanuo la moto. Baadaye ilionekana jambo ni pana zaidi: utafiti wa mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine ulikuta kwa baadhi ya wagonjwa badiliko katika jeni moja inayohusika na umbo la unywele. Ugonjwa huo unaacha makovu chini ya ngozi. Ukipandikiza wakati ungali unawaka, unakula na mizizi mipya. Ni lazima mganga wa ngozi auone, mara nyingine akate kipande kidogo cha ngozi kukipima, autulize kwa dawa, na muda mrefu upite bila dalili. Waganga wa ngozi ni wachache kwetu, najua. Lakini kumtafuta mmoja, hata kwa safari ya siku mbili, ni bei ndogo kuliko dola 3 000 zilizopandwa kwenye ngozi inayoungua.

Nywele zetu si zile za kwenye picha

Angalia tena matangazo: karibu wote waliopigwa picha wana nywele zilizonyooka. Unywele wetu unajikunja, na mzizi wake pia umejikunja chini ya ngozi, mfano wa herufi C. Chombo kinachoingia wima kinaukata katikati, na mzizi uliokatwa hauoti. Mganga mwenye uzoefu na nywele za namna hii anatumia chombo kipana kidogo, anaenda polepole, na anajaribu kwanza mizizi michache kabla ya kuendelea. Faida ipo pia: unywele uliojikunja unafunika ngozi zaidi, basi mizizi michache inaweza kutosha pale ambapo nywele zilizonyooka zingehitaji mingi.

Omba picha za wagonjwa wenye nywele kama zako, baada ya miezi kumi na miwili, na picha za nyuma ya kichwa pia. Kliniki isiyo nazo imekwisha kujibu.

Jambo la pili ni kovu. Ngozi nyeusi ina uwezekano mkubwa zaidi wa keloidi, yale makovu yanayovimba na kupita mipaka ya kidonda. Jichunguze: sikio lililotobolewa, chale ya chanjo kwenye bega, mkato wa zamani. Kama mojawapo limevimba, sema kabla ya kulipa. Vivyo hivyo kwa wanaume wenye vipele vigumu kwenye kisogo baada ya kunyolewa. Sehemu hiyo ndiyo ile ile ambamo mizizi ingetolewa. Na anayependa kunyoa zero ajue kwamba FUE inaacha vidoa vidogo, mara nyingi vyeupe kwenye ngozi nyeusi, na FUT inaacha mstari. Kovu lipo kwa njia zote mbili. Nywele fupi sana zitalionyesha.

Halafu nani anashika chombo? Chama cha kimataifa cha waganga wa upasuaji wa nywele, ISHRS, kinaendesha kampeni dhidi ya pahali ambapo watu wasio waganga wanafanya operesheni nzima huku jina la mganga likibaki ukutani. Kimeweka hata siku, tarehe 11 Novemba, kwa ajili ya watu wanaohitaji kurekebishwa. Uturuki ina kliniki nzuri, na wizara yake ya afya inatoa kibali kwa zile zinazopokea wageni. Omba namba ya kibali na jina la mganga, na uulize kwa maandishi: nani atatoa mizizi, nani atafungua vitobo vya kuipandia, na mganga huyo ana wagonjwa wangapi siku hiyo? Kama jibu ni punguzo la bei, tafuta pengine.

Mzigo kabla, kichwa baadaye

Kwa mfanyabiashara, mpango una kanuni moja isiyo na mjadala: nunua kwanza, funga balo, kabidhi kwa wasafirishaji, kisha operesheni iwe jambo la mwisho. Baada yake hutainama wala kuinua mzigo kwa majuma mawili hivi. Damu inayopanda kichwani inasukuma mizizi na kuongeza uvimbe.

Majuma kadhaa kabla ya kusafiri, pima damu hapa: hemoglobini, sukari, hepatiti B na C, virusi vya ukimwi. Pima shinikizo. Usifiche kisukari, drepanositozi wala dawa yoyote unayokunywa. Aspirini na dawa nyingine za kulainisha damu zinaongeza kutoka damu, lakini usiziache mwenyewe; aliyekuandikia ndiye anaamua. Sigara iachwe mapema, pombe pia, kwani moshi unabana mishipa midogo ambayo ndiyo itakayolisha mizizi.

Weka feza ya pembeni, ambayo haiguswi na mali: siku mbili au tatu zaidi za hoteli kama kidonda kinasumbua, na mganga wa nyumbani. Kliniki nyingi zitakushauri pia minoksidili ya kupaka, na kwa wanaume finasteridi ya kumeza, ili nywele za zamani zisiendelee kuanguka. Zinatumika muda mrefu, basi ni bei ya kila mwezi. Finasteridi inaweza kupunguza nguvu za kiume kwa baadhi ya watu, na mwanamke mwenye mimba hapaswi kushika vidonge vilivyovunjika. Zungumza na mganga kwanza.

Mwombe mganga wa hapa, kabla ya kuondoka, akubali kukuona ukirudi. Umletee karatasi yenye mbinu iliyotumika, hesabu ya mizizi na majina ya dawa. Bila hiyo atakuwa anakisia.

Siku kumi za kwanza

Usiku lala chali, kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Mto wa shingo wa kwenye ndege unasaidia. Uvimbe unashuka kwenye paji, halafu kwenye macho, kati ya siku ya pili na ya tano. Unatisha, lakini unapita. Barafu inawekwa kwenye paji, kamwe si juu ya mizizi.

Kuosha kunaanza siku ya pili au ya tatu, kama kliniki itakavyokuonyesha. Hapa, kwa mara moja, ukosefu wa bomba unatusaidia: beseni na kikombe ni bora kuliko maji yenye nguvu. Lakini maji ya ziwa au ya bidoni yachemshwe na yapoe kwanza. Povu la sabuni laini linawekwa bila kusugua, maji yanamwagwa polepole, kitambaa safi kinagusa tu. Magamba yanaanguka yenyewe kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Kucha zisiingie. Mafuta ya mawese, majani ya jirani na unga wa vidonge vya antibiotiki, hapana.

Kaske ya pikipiki ni tatizo la kweli. Inabana na kusugua pale pale, na kupanda bila kaske ni hatari kubwa zaidi. Kwa majuma mawili, kama unaweza, panda gari au tembea jioni, kofia pana isiyobana ikikukinga na jua na vumbi la barabara za Goma. Mpira usubiri mwezi mmoja, kuogelea ziwani pia.

Na homa? Kwetu kila homa inaitwa malaria. Baada ya operesheni, pima malaria, lakini onyesha na kichwa. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, usaha, harufu, au ngozi inayogeuka nyeusi na ngumu ni mambo ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kati ya juma la pili na la nane, nywele zilizopandwa zinaanguka, karibu zote. Watu wanapiga simu Istanbul wakilia kwamba wameibiwa. Ni kawaida: unywele unaanguka, mzizi unabaki umelala. Vinyweleo vinaanza kutoka mwezi wa tatu au wa nne, vyembamba, pengine pamoja na vipele vidogo pale unywele uliojikunja unapokwama chini ya ngozi. Usivibinye. Mwezi wa sita unaonyesha sehemu tu. Picha ya kulinganisha inapigwa mwezi wa kumi na mbili, katika mwanga ule ule, na utosi unaweza kusubiri hadi mwezi wa 18. Kliniki ikikupigia kabla ya hapo kukupa bei nzuri ya operesheni ya pili, iulize kwanza ni mizizi mingapi iliyobaki nyuma.