Masika ya Kakamega na Siku ya Kupanda

Kufikia mwisho wa Februari, mashamba mengi ya Kakamega huwa yamelimwa mara ya pili. Mabua ya mwaka jana yamekwisha kuliwa na ng'ombe au kuishia jikoni, mbegu imenunuliwa au bado inachangiwa hela, na sokoni, kuanzia Shinyalu hadi Butere, gumzo ni moja: mvua itafika lini? Wakati huo huo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa taarifa yake ya msimu wa Machi, Aprili na Mei. Redio huisoma kwa Kiswahili na kwa Kiluhya, kisha ubishi huanza. Huyu kasikia mvua itakuwa nyingi, yule kasikia itakuwa ya wastani, na huenda wote wawili wamesikiliza taarifa ile ile.

Ubishi huo una sababu. Taarifa ya msimu haitaji kiasi cha mvua kitakachonyesha. Inaeleza uwezekano umeegemea upande gani, na sehemu hiyo ndiyo hupotea njiani mtangazaji anapokimbilia neno moja, "nyingi" au "haba".

Kazi yenyewe huanza mapema. Kabla ya kila msimu, wataalamu wa hali ya hewa kutoka nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika hukutanishwa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za kanda hiyo, chenye makao yake karibu na Nairobi. Mikutano hiyo ilianza mwaka 1998, wakati Kenya bado inahesabu hasara ya mvua za El Niño. Wanatazama joto la maji katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, wanalinganisha hesabu za kompyuta kutoka vituo mbalimbali vya dunia, kisha kila nchi inakwenda kutengeneza utabiri wake. Kenya nayo huuteremsha hadi kaunti, ambako mkurugenzi wa hali ya hewa huketi na maafisa wa kilimo, wa afya na wa maafa kuujadili.

Kinachotoka hapo ni mgawanyo wa sehemu tatu. Mvua za miaka 30 hupangwa kuanzia msimu mkavu kabisa hadi ule wenye mvua nyingi kuliko yote, kisha hukatwa mafungu matatu: juu ya wastani, karibu na wastani, chini ya wastani. Tuseme taarifa inaipa Kakamega asilimia 50, 30 na 20. Ni sawa na kutia maharagwe kumi kwenye bakuli, matano mekundu, matatu ya madoadoa na mawili meusi, kisha kuchota moja bila kutazama. Jekundu lina nafasi kubwa zaidi, lakini mkono unaweza kutoka na jeusi, na likitoka jeusi aliyehesabu maharagwe hajadanganya. Wala asilimia 50 hiyo haina maana kwamba mvua itaongezeka kwa nusu, kosa ambalo husikika mara nyingi mno.

Kuna jambo la pili ambalo mkulima wa Kakamega anapaswa kulijua kabla hajaogopa neno "chini ya wastani". Kaunti yake ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Nairobi hupata takriban nusu ya hizo na Lodwar kule Turkana hupata kama 200 tu. Mahindi huhitaji kati ya milimita 500 na 800 kutoka kupandwa hadi kukomaa. Aprili na Mei pekee, Kakamega kwa kawaida hupata zaidi ya milimita 200 kila mwezi. Msimu ambao ungeitwa janga Kitui, hapa bado unaweza kujaza ghala.

Utajiri huo una asili yake. Ziwa Victoria liko kusini-magharibi, na mchana, nchi kavu inapopata joto kuliko maji, upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea bara. Pepo nyingine hutoka magharibi, upande wa misitu ya Kongo. Zote zikifika hapa zinakutana na ukuta wa Nandi upande wa mashariki, hewa inalazimika kupanda, inapoa, na mawingu yanafanyika. Ndiyo maana siku ya masika Kakamega hufuata ratiba ambayo hata mtoto wa shule anaijua: asubuhi jua kali, saa sita mawingu yameanza kujikusanya, saa tisa au kumi alasiri radi na mvua ya kumwagika. Usiku mzunguko unageuka na ngurumo huhamia juu ya ziwa.

Kwa hiyo tatizo la hapa ni mpangilio wa mvua kuliko uchache wake. Itaanza lini kwa kweli? Itakatika kwa siku ngapi katikati? Maswali hayo ndiyo magumu zaidi kwa watabiri, na msimu wa masika huwasumbua kuliko ule wa vuli. Mvua za Oktoba hadi Desemba hufuata kwa karibu hali ya El Niño na joto la Bahari ya Hindi, mambo yanayoweza kuonekana miezi kadhaa kabla. Masika hayana mwongozo wa namna hiyo. Yanaendeshwa zaidi na mawimbi ya mawingu yanayozunguka dunia kwenye ukanda wa ikweta kila baada ya siku 30 hadi 60, na vimbunga vya Bahari ya Hindi, vitu ambavyo havionekani zaidi ya wiki mbili tatu mbele. Tangu 1997 Wakenya wameizoea tabia ya kuita kila mvua kubwa El Niño, lakini kwa mvua za Aprili jina hilo mara nyingi halistahili.

Miaka miwili iliyofuatana inaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Machi 2018 mvua zilifunguka mapema na kwa nguvu, na msimu huo ukawa miongoni mwa misimu yenye mvua nyingi sana katika kumbukumbu za Kenya. Machi 2019 kimbunga Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, na kuvuta unyevu kuelekea kusini. Sehemu kubwa ya Kenya, hata ukanda wa mahindi, ikangoja mvua hadi Aprili. Waliokuwa wametia mbegu kwenye vumbi kwa matumaini ya Machi ya kawaida walilazimika kupanda upya.

Na mbona mkulima asingoje tu hadi mvua ishike? Jibu liko udongoni, na lilichunguzwa hapa hapa Kenya. Mwaka 1958 mtafiti wa udongo H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi, alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuozesha mboji, na kwa siku chache nitrojeni nyingi hufunguliwa. Mahindi yaliyoota mapema hukuta karamu hiyo. Yanayochelewa hukuta mvua kubwa za Aprili zimekwisha kuizamisha nitrojeni hiyo mbali na mizizi, na mwenye shamba hulazimika kuirudisha kwa mfuko wa mbolea ya CAN. Kupanda mapema mno ni hatari; kuchelewa nako kuna gharama.

Kipimo wanachokitumia wataalamu wengi ni hiki: milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, pasipo kiangazi cha zaidi ya wiki moja kufuatia. Nusu ya kwanza mkulima anaweza kuipima mwenyewe. Akichimba shimo kwa jembe siku moja baada ya mvua na kukuta udongo wa chini, kina cha kiganja chote, umelowa na unashikana akiufinya, ardhi iko tayari. Akikuta juu kumelowa na chini vumbi, hiyo ni mvua ya kupita, aina inayoweza kunyesha Kakamega hata Februari na kuwadanganya wengi. Nusu ya pili, ile ya siku zijazo, hawezi kuiona peke yake. Hapo ndipo anapohitaji utabiri wa siku saba, ambao una uhakika mkubwa zaidi kuliko ule wa miezi mitatu.

Wazee wana vipimo vyao: miti fulani inayopukutisha na kuchipua, ndege wanaowasili, kumbikumbi wanaoruka jioni baada ya mvua za kwanza na watoto kuwakimbilia na mabakuli. Si haki kuvidharau. Jirani tu, Bunyore katika kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kwa kusoma dalili za mvua ndani ya vichaka vyao vitakatifu vya miti ya asili. Kuanzia 2008 wataalamu wa serikali, ICPAC na Chuo Kikuu cha Maseno waliketi na wazee hao. Kila upande ulileta utabiri wake, wakaulinganisha, wakatoa kauli moja kwa wakulima. Jambo lililopatikana pale ni kubwa: watu walipoona wazee wao wamekaa meza moja na watu wa idara, waliiamini taarifa na kuitumia.

Kakamega nayo si shamba moja. Likuyani na Lugari, kaskazini, hupanda mahindi ya muda mrefu mara moja kwa mwaka na kuvuna kuelekea Oktoba na Novemba, kama majirani zao wa Trans Nzoia. Ikolomani, Khwisero na Butere hupanda mara mbili, kwa hiyo wiki mbili zikipotea Machi, msimu wa pili nao unasukumwa mbele. Mumias na Matungu kuna miwa, ambayo huvumilia zaidi mvua inapokatika. Rangi moja kwenye ramani ya utabiri haiwezi kuwasemea wote hao.

Mvua nzuri pia huja na hatari zake. Mawe ya barafu huweza kuchana majani ya mahindi na chai kwa dakika kumi. Radi huua watu hapa, na bado wapo wanaoihusisha na uchawi badala ya kuondoka chini ya mti na kuweka jembe chini ngurumo zikikaribia. Mvua ikikatika, viwavijeshi vamizi, walioingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017, hustawi kwenye kiini cha mahindi machanga. Mvua kubwa huwasomba na kuwapunguza. Na kwa wanaopanda mara mbili, mahindi ya Machi hukomaa Julai na Agosti, mvua ikiwa imerudi tena. Yasipokauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 kabla ya kutiwa guniani, kuvu hushika na kuacha sumu ya aflatoksini. Aliyepanga siku ya kupanda ana kila sababu ya kupanga turubai la kuanikia pia.

Miezi ya Mei na Juni, ghala likiwa tupu na shamba bado la kijani, bei ya gorogoro ya mahindi hupanda na familia nyingi hupunguza mlo. Wiki mbili za kuchelewa kupanda huongeza wiki mbili za njaa. Kwa hiyo mkulima asitosheke na neno "nyingi" au "haba". Aulize ofisi ya hali ya hewa ya kaunti, au afisa wa kilimo wa wadi, mvua inatazamiwa kuanza wiki gani, itakatika lini, na utabiri wa siku saba unasemaje kabla hajafungua mfuko wa mbegu. Taarifa hizo hutolewa bila malipo. Nanyi watangazaji wa redio za Kiluhya, someni taarifa yote, pamoja na asilimia na tarehe zake, na muirudie kila wiki hadi mahindi yaote.