Kila Msee Ako na Google, Sasa Mbona Kuna Watu Wanalipwa Kutafuta Habari?

Tuseme mathee wako ana duka ya vyombo Kamukunji. Kampuni flani imemwahidi mzigo wa masufuria kwa bei ya kutupa, lakini kwanza atume 180,000 za kushikilia oda. Tovuti yao inang'ara, kuna picha za godauni, na hapo chini wameandika wako sokoni tangu 2009. Mathee anakugeukia: "Wewe si unajua mambo ya mtandao? Hebu niangalilie kama hawa ni watu wa ukweli."

Ukiuliza Google utapata tu ile tovuti yao, penye wanajisifu wenyewe. Lakini ukiingia eCitizen ukalipia CR12, ile ripoti rasmi ya kampuni, unaona ilisajiliwa lini, wakurugenzi ni akina nani na nani ana hisa ngapi. Unakuta kampuni iko na miezi 3. Umelipa ada kidogo tu, na 180,000 za mathee zimebaki kwa simu yake.

Hiyo umefanya hapo ni kazi. Huko Marekani watu wanaoifanya wana chama chao, AIIP, tangu 1987, na wengi wao wako solo: mtu mmoja, laptopu moja, hakuna mdosi. Hapa Nai bado wengi wanaifanya bure wakidhani ni kusaidia tu. Kama wewe ndiye yule msee mbogi yote inakuja kwake ikitaka kujua kitu, soma hii mos mos.

Kwanza, hauuzi habari

Nilianza hii hustle bila hata diploma, na kazi yangu ya kwanza nilichoma vibaya. Mteja aliniambia nimtafutie "kila kitu kuhusu soko la kuku". Nilikesha siku nne, nikamtumia kurasa 63. Akajibu "asante sana", halafu tiki zikawa za blue milele. Sikulipwa hata ya bando.

Baadaye ndio nilikuja kushika. Huyo msee alikuwa anataka kujua kitu kimoja: hoteli za Thika Road zinanunua kuku wangapi kwa wiki, na kwa bei gani. Hiyo hata haikuwa kwa mtandao. Ilitaka mtu wa kupiga simu kumi na kutembea siku moja. Mimi nilimpea maktaba, na yeye alitaka jibu.

Habari ziko kila mahali, tena za bure. Chenye mtu analipia ni kufanya uamuzi bila kuoshwa. Kwa hivyo kabla uguse kibodi, muulize mteja swali moja: "Ukishapata hili jibu, utafanya nini?" Akisema "nitaamua kama nitume pesa ama nisitume", umejua kazi yako inaishia wapi. Akikosa jibu, hiyo kazi bado haijaiva. Usianze.

Chimba penye wengine hawachimbi

Hapa ndio unawapita wale wa kusoma ukurasa wa kwanza wa Google wakaenda kulala. Kenya iko na rekodi nyingi za wazi ambazo watu wengi hawajawahi kufungua.

Kuna Kenya Law, ambapo hukumu za korti zinasomwa bure. Weka jina la kampuni ama la mkurugenzi, uone kama kuna watu walimpeleka kortini wakidai pesa zao. Kuna Gazeti Rasmi la Kenya, ambalo hutoka kila Ijumaa. Humo ndimo utapata notisi za kampuni zinazofungwa, za title deed zilizopotea na za mali ya marehemu. Kuna KNBS, watu wa takwimu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na ripoti zake zinakuonyesha hadi idadi ya familia kwa kila kaunti ndogo. Mtu akitaka kufungua duka la kufua nguo Ruiru, anzia hapo kabla uingie Facebook kuuliza maoni.

Halafu kuna silaha ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ikaweka utaratibu. Unaandika ombi kwa ofisi husika, na wana siku 21 kukujibu. Kutuma ombi ni bure. Wanaweza kukulipisha tu gharama ya kutoa kopi. Wakikunyamazia, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman. Siku 21 ni mingi kwa mteja mwenye haraka, kwa hivyo mwambie mapema.

Na hii mambo ya ChatGPT? Itumie kupanga mawazo, lakini usiwahi kupeleka kwa mteja kitu haujakiona na macho yako kwa rekodi yenyewe. Mwaka wa 2023 jaji mmoja New York aliwapiga mawakili faini ya dola 5,000 ju walipeleka kortini kesi zilizotungwa na ChatGPT. Hizo kesi hazikuwahi kuwepo. Hao walikuwa mawakili na ofisi yao. Wewe uko na jina lako tu, na likichomeka hauna lingine.

Ripoti iwe ya ukurasa mmoja ama mbili

Juu kabisa weka jibu. Chini yake weka ushahidi: umepata wapi, tarehe gani. Halafu weka sehemu ambayo wengi huogopa kuandika: chenye umetafuta ukakosa, na chenye hauna uhakika nacho.

Rudi kwa mathee. Hata kama CR12 ingeonyesha kampuni ina miaka 15, hiyo haimaanishi ni watu safi. Inamaanisha tu kampuni ina miaka 15. Kwa hivyo unaandika: imesajiliwa kweli, sikupata kesi kwa Kenya Law hadi tarehe hii, lakini godauni sijaliona. Hapo mathee anajua bado kuna shimo moja, na anaamua mwenyewe kama atatuma mtu akaangalie. Mteja anayejua hautamdanganya hata ukikosa jibu, huyo atarudi.

Sasa tuongee doo

Usikadirie bei kwa kuangalia sura ya mteja. Chukua karatasi uandike chenye unahitaji kwa mwezi: keja, msosi, intaneti, stima, fare, ya kutuma ushago, na ya kuweka. Tuseme imefika 48,000. Mwezi uko na saa kama 160 za kazi, lakini usijidanganye zote zitalipwa. Nusu itaenda kutafuta wateja, kuandika invoisi na kufuata deni. Unabaki na saa 80. Gawa 48,000 kwa 80, unapata 600 kwa saa. Hiyo ndio sakafu yako. Ukiteremka chini yake, ni wewe unamlipa mteja.

Lakini mteja usimwambie habari ya saa. Mpe bei ya kazi nzima. Kazi ya saa 10 ni 6,000, ongeza ada za rekodi na fare, halafu andika kwa meseji moja iliyo wazi: swali ni hili, utapata ripoti ya kurasa mbili, siku ya Alhamisi, bei ni hii. Nusu inaingia kabla uanze, nusu akipokea. Mtu akikataa kabisa kutoa nusu ya kwanza, jua hata ya pili hangeitoa.

Kuna ile ya KRA pia. Ukianza kufanyia makampuni kazi, usishtuke ukituma invoisi ya 40,000 ikaingia 38,000. Malipo ya kazi ya kitaalamu yakifika 24,000 kwa mwezi, anayekulipa anakata 5% na kuipeleka KRA kwa jina lako. Hiyo si wizi, ni kodi umelipa mapema. Hakikisha cheti chake kimeingia kwa iTax yako, utakitumia ukijaza ritani kabla ya Juni 30. Na makampuni saa hii yanataka invoisi ya eTIMS, ju bila hiyo hawawezi kuhesabu hizo pesa kama gharama yao. Jisajili mapema, usikose kazi kwa sababu ya karatasi.

Kazi ya kukataa

Hii lazima itakuja, tena na pesa nzuri. Mtu atakuambia, "Nitafutie meseji za bibi yangu", ama "Nipatie taarifa za M-Pesa za huyu jamaa, nitakupea 20,000." Kataa. Kuingia kwa simu ama akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa kwa sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, na faini yake inaweza kufika milioni 5, ama miaka 3 ndani, ama zote mbili. Sheria ya kulinda data ya 2019 nayo inalinda habari za kibinafsi za watu. Yule ana rafiki kwa kampuni ya simu wa "kuvuta" rekodi si mtafiti, ni mshtakiwa ambaye tarehe yake bado haijafika.

Mpaka wako uwe rahisi: kama rekodi haiko wazi kwa umma, na mwenyewe hajaruhusu, hauigusi.

Wateja watatoka wapi?

Usijitangaze kama mtu wa kutafuta "habari zozote". Hakuna mtu huamka asubuhi akitaka habari zozote. Chagua watu wamoja wenye shida moja: wafanyabiashara wa jumla wanaotuma pesa kwa watu hawawajui, wasee wako majuu wanaambiwa na binamu kuna biashara ya kununua, mashirika madogo yanayotaka takwimu za kuandikia maombi ya ufadhili, ama mawakili wenye kazi nyingi na vijana wachache. Ukishafanyia watano kazi safi, wa sita ataletwa na hao watano.

Kama unataka kuanza wiki hii, tafuta mtu mmoja unayemjua ambaye anakaribia kutuma pesa mahali. Muulize atafanya nini akipata jibu, mpe ukurasa mmoja, na umwambie bei kabla uanze, hata kama ni mia tano. Hata kama ni mathee. Mathee akilipa, umejua kazi yako iko na bei.