Altaneta ya Boti Ipimwe Kabla ya Kung'olewa

Injini ya dizeli ya kizamani humdanganya nahodha. Ikishawaka, haihitaji umeme ili iendelee kunguruma: pampu ya mafuta huendeshwa na injini yenyewe, na plagi za cheche hazimo. Altaneta inaweza kuacha kuchaji alfajiri, boti ikavua mchana kutwa bila mtu kushtuka. Injini ikizimwa ndipo siri hufichuka: stata inagonga mara moja na kunyamaza, na pwani iko mbali.

Wengi hapo huing'oa altaneta na kuipeleka kwa fundi. Si ajabu ikarudi na jibu kwamba ni nzima, na betri ikaendelea kufa. Kwenye boti iliyokula miaka, ikiwa na injini ya Perkins, Yanmar au Lister, maji chumvi hushambulia waya na viungio mapema sana. Kwa hiyo uchunguzi uanze na vitu rahisi.

Cha kwanza ni betri. Ichaji, kisha iache ipumzike saa kadhaa. Mita ikisoma volti 12.6 au zaidi, betri ya volti 12 imejaa, 12.2 ni kama nusu. Ikishuka chini ya 12 na hakuna kitu kinachoitumia, betri imechoka. Sasa washa injini, ongeza mwendo kidogo, upime tena palepale kwenye vichwa vya betri. Kati ya 13.8 na 14.4, chaji inafika. Namba isipopanda, haifiki. Ikipita 15, regyuleta inayodhibiti volti imeharibika na betri itachemka hadi maji yake yaishe.

Ikiwa chaji haifiki, zima injini utazame mkanda. Ubonyeze kwa dole gumba kati ya puli mbili, pale ulipo mrefu zaidi. Uingie ndani kama sentimita moja, usizidi sana. Unga mweusi uliotapakaa karibu na puli ni mpira wa mkanda unaoteleza na kulika. Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake. Ukikuta umezama mpaka unagusa chini ya mfereji wa puli, na chini hapo pameng'aa, kuukaza hakusaidii, weka mpya.

Kisha geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya chaji lazima iwake. Katika altaneta nyingi za zamani taa hiyo si ya kutoa habari tu: umeme mdogo unaopita ndani yake ndio unaoipa rota, sehemu yake inayozunguka, usumaku wa kuanzia. Balbu ikiungua, altaneta nzima kabisa huzunguka bure, au huanza kuchaji baada tu ya injini kupandishwa mwendo mkubwa. Balbu ikiwa nzima na taa haiwaki, fuata waya wake, kisha shuku brashi za kaboni zilizolika.

Hatua inayorukwa sana ni ya waya. Injini ikinguruma na taa za boti zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya altaneta inayotoa umeme, nyingine kwenye chanya ya betri. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Rudia upande wa hasi, kutoka bodi ya altaneta hadi hasi ya betri. Menya ganda la waya karibu na kiungio: shaba iliyogeuka nyeusi au kijani haifai kusuguliwa. Kata mpaka uipate inayong'aa, au badili waya wote.

Betri ikiisha chaji usiku na kila kitu kimezimwa, ishike altaneta asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa ya vuguvugu, dayodi zilizo ndani yake zinavuja na umeme wa betri unarudi humo. Muuaji mkubwa wa dayodi ni mkono wa binadamu: kuzima swichi kuu ya betri au kuchomoa waya injini ikiwa inachaji. Volti hupaa ghafla na kuziunguza papo hapo.

Ukilazimika kununua nyingine, kumbuka kwamba altaneta ya kawaida ya gari hutoa cheche zisizozuiwa. Kwenye injini ya petroli iliyo ndani ya boti, cheche moja ikikutana na mvuke wa mafuta yatosha kulipua chombo. Huko tumia iliyotengenezwa kwa ajili ya boti pekee.

Weka ndani ya boti mkanda wa akiba, balbu na mita. Na ukimpelekea fundi altaneta, mpelekee pia namba ulizosoma, zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi; zitamwokolea muda, nawe zitakuokolea fedha.